Malawi: Fungu la Mbolea na Ulinzi wa Ghala

Waziri wa Fedha anaposimama Bungeni kusoma makadirio ya mwaka, kila mtu hutega sikio kwa fungu linalomhusu. Mkulima hungoja bei ya mbolea, mfanyakazi hungoja kodi ya mshahara, na askari hungoja fungu la ulinzi. Lakini historia ya Malawi, jirani anayegawana na Tanzania maji ya Ziwa Nyasa na mpaka wa mto Songwe, yafundisha kwamba fungu la kilimo na fungu la ulinzi ni ndugu wa tumbo moja. Kwa muda wa zaidi ya nusu karne, serikali zilizopokezana madaraka katika nchi hiyo zimesimama imara au zimetikisika kwa sababu ya mahindi. Na mara kadhaa zilipotikisika, polisi na wanajeshi ndio walioitwa kushika nchi isianguke. Yafaa basi historia hiyo itazamwe kwa utulivu na bila kejeli, maana lililomfika jirani laweza kumfika yeyote anayelima kwa kutegemea mvua.

Malawi ni nchi ndogo yenye watu wengi. Sehemu kubwa ya raia wake huishi vijijini, na familia nyingi hulima shamba lisilozidi hekta moja. Chakula chao kikuu ni ugali wa mahindi, ambao wenyewe huuita nsima, na msemo wao wa kila siku wasema kwamba mahindi ndiyo uhai. Kwa wakulima wengi mvua ya kupandia huja mara moja tu kwa mwaka, Novemba au Desemba, na mavuno huanza Aprili. Kati ya hapo, tangu Januari hadi Machi, ndiyo miezi ya njaa, wakati vihenge vya nyumbani vimekwisha na mahindi ya shambani bado ni mabichi. Ardhi nayo imelimwa miaka mingi bila kupumzika, imechoka. Isipotiwa mbolea hutoa mavuno haba hata mvua ikiwa njema.

Mbolea hiyo hutoka ng'ambo, na Malawi haina bahari. Kila mfuko hushushwa Beira au Nacala katika Msumbiji, au Dar es Salaam, kisha husafirishwa kwa reli au kwa malori mamia ya kilometa. Hapo ndipo ulipo ugumu wa bajeti ya kilimo katika nchi ya namna hiyo. Fedha zilizopitishwa na Bunge zapaswa kugeuka mbolea. Mbolea ivuke bahari, ipite bandarini, ivuke mpaka, ifike kijijini, na yote hayo yatimie kabla ya mvua ya kwanza. Mbolea ya kupandia inayofika mwezi wa Januari si msaada tena. Ni mzigo uliochelewa.

Mizizi ya tatizo ni ya kale. Wakati wa ukoloni, ardhi nzuri ya nyanda za juu za Shire ilitwaliwa na walowezi, na Mwafrika aliyekutwa humo alilazimishwa kulipa kodi ya pango kwa jasho lake, katika mtindo uliojulikana kwa jina la thangata. Mtu alilima shamba la bwana wakati ule ule mvua ilipomtaka alime shamba lake mwenyewe. Uasi wa mchungaji John Chilembwe, uliozuka Januari 1915, ulikuwa na dhuluma hiyo miongoni mwa sababu zake. Mwaka 1949 ukame ulipoangusha mavuno, njaa kali ikazikumba sehemu za kusini, nayo ikadhihirisha kwamba utawala uliokusanya kodi kwa bidii haukuwa umeweka akiba ya kutosha kwa waliozilipa.

Uhuru ulipatikana tarehe 6 Julai 1964, chini ya uongozi wa Dakta Hastings Kamuzu Banda. Serikali yake ilitangaza kilimo kuwa msingi wa uchumi, na kwa hakika fedha ziliingia vijijini: mpango mkubwa wa kuendeleza ardhi ya Lilongwe ulianza 1968 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na baadaye mipango ya namna hiyo ikaenezwa nchi nzima. Mwaka 1971 liliundwa shirika la ADMARC, lenye kazi ya kununua mazao ya wakulima wadogo, kuwauzia mbegu na mbolea, na kutunza mahindi. Vituo vyake vilienea mpaka mashambani, na wazee wengi wa Malawi hukumbuka kwamba mtu aliweza kununua mahindi karibu na kwake kwa bei inayojulikana.

Lakini mkono uliotoa ulikuwa pia mkono uliotwaa. ADMARC ilinunua tumbaku na mazao mengine ya mkulima mdogo kwa bei ya chini mno kuliko ile ya soko la dunia, na faida iliyopatikana ikamiminwa katika mashamba makubwa na makampuni ya wakubwa, mengine yakiwa mali ya Rais mwenyewe. Tumbaku ya aina ya burley, iliyokuwa na fedha, ilikatazwa kwa mkulima mdogo na kuachiwa wenye mashamba makubwa. Hivyo mashamba makubwa yalistawi, takwimu za mauzo ya nje zikapendeza, na mkulima wa hekta moja akabaki akilipa gharama ya maendeleo ambayo hakuyaona mlangoni pake. Bajeti haisemi ukweli wote katika fungu la matumizi. Ukweli mwingine umejificha katika bei anayolipwa mkulima.

Lipo jambo jingine la zama hizo linalowahusu hasa wenye kuvaa sare. Mwaka 1963 liliundwa jeshi la vijana lililoitwa Malawi Young Pioneers. Shabaha iliyotangazwa ilikuwa njema: kuwafundisha vijana kilimo cha kisasa na kuwarudisha vijijini wakawe mfano. Baada ya muda mfupi vijana hao walipewa silaha, wakawa macho na masikio ya chama tawala, wenye madaraka ambayo askari polisi wa kawaida hakuthubutu kuyahoji. Fedha zilizoombwa kwa jina la maendeleo vijijini zikalisha jeshi la pili lisilowajibika kwa sheria. Mwisho wake ulikuja Desemba 1993. Baada ya wanajeshi kuuawa na vijana hao mjini Mzuzu, Jeshi la Malawi lilizivamia kambi zao na kuwanyang'anya silaha, katika operesheni iliyoitwa Bwezani, maana yake "rudisheni". Damu ilimwagika. Kama jembe lingebaki jembe, Bwezani isingekuwa na sababu.

Vita vya jirani navyo viligusa kapu la mkulima. Mapigano ya Msumbiji katika miaka ya 1980 yalifunga reli za Beira na Nacala, njia fupi kuliko zote za kuifikia bahari. Tangu 1987 Malawi ilipeleka wanajeshi wake ndani ya Msumbiji kulinda reli ya Nacala, na wakimbizi waliovuka mpaka kuingia Malawi walifikia takribani milioni moja. Shehena ikabidi izungukie Afrika Kusini au ipitie Dar es Salaam, ambako Malawi ilijenga kituo chake cha mizigo, na kingine Mbeya. Mbolea iliyosafiri mwendo mrefu namna hiyo ilifika ikiwa ghali. Askari aliyesimama kando ya reli katika pori la Nampula alikuwa, pengine bila kujua, analinda bei ya mfuko mmoja wa mbolea katika kijiji cha Zomba.

Katika wakati huo huo wa shida, wakopeshaji wa kimataifa walishika kalamu. Kuanzia 1981 Malawi ilipokea mikopo ya Benki ya Dunia yenye masharti ya kurekebisha uchumi, na moja ya masharti lilikuwa kupunguza ruzuku ya mbolea hatua kwa hatua hadi iishe. Mpango huo ulisimamishwa 1987 kwa sababu ya gharama za uchukuzi, ukafufuliwa, na katikati ya miaka ya 1990 ruzuku ikafutwa kabisa. Thamani ya kwacha nayo ilianguka sana baada ya 1994, na bei ya mbolea ikapanda kupita uwezo wa mkulima mdogo. Shirika la mikopo ya wakulima lilikuwa limekwisha kuporomoka baada ya ukame wa 1992 na baada ya wanasiasa wa kampeni za vyama vingi kuwaaminisha wakopaji kwamba madeni hayana haja ya kulipwa. Hivyo mkulima alipokonywa ruzuku na mkopo kwa pamoja. Demokrasia, iliyoingia kwa uchaguzi wa Mei 1994 na kumpa Bakili Muluzi urais, ilimkuta mkulima na kura mkononi lakini mfuko mtupu.

Katika msimu wa 1998/99 serikali, ikisaidiwa na wahisani, ilijaribu njia nyingine. Kila familia ya mkulima mdogo, zipatazo milioni 2.8 kwa jumla, iligawiwa bure kifurushi chenye mbegu bora za mahindi, mbegu za mikunde na mbolea kidogo, ya kutosha sehemu ya kumi ya hekta. Kifurushi kilikuwa kidogo, lakini kilimfikia kila mtu. Mavuno ya miaka miwili iliyofuata yalikuwa mazuri, mvua nayo ikisaidia. Ndipo hesabu za wahisani zikaona kwamba gharama ni kubwa, na ugawaji ukapunguzwa: familia milioni 1.5 katika msimu wa 2000/01, na milioni moja katika msimu uliofuata. Uamuzi wa kupunguza ulifanywa nchi ikiwa imeshiba. Mara nyingi akiba hudharauliwa siku za shibe.

Kosa kubwa zaidi lilitendeka ndani ya ghala lenyewe. Mwaka 1999 liliundwa shirika la akiba ya chakula ya taifa, likapewa mahindi na pamoja nayo deni la benki lenye riba nzito. Mavuno ya 2000 yalikuwa mengi, na sehemu ya akiba ilikuwa imekaa muda mrefu. Wataalamu wa wahisani na wa Shirika la Fedha la Kimataifa walishauri akiba ipunguzwe hadi kati ya tani 30,000 na 60,000. Kilichofuata ni kwamba akiba iliyokaribia tani 167,000 iliuzwa karibu yote, na mengine yaliuzwa nje ya nchi. Kufikia katikati ya 2001 maghala yalikuwa matupu. Mavuno ya mwaka huo yalikuwa yamepungua kwa sababu ya mafuriko, lakini makisio ya serikali yalijifariji kwa takwimu za mihogo ambazo baadaye zilionekana zimetiwa chumvi.

Njaa ilipobisha hodi mwishoni mwa 2001, hapakuwa na kitu cha kuitikia. Mahindi yaliyoagizwa ng'ambo yalikwama bandarini na njiani. Walanguzi walionunua mahindi kwa bei ya chini waliyaficha, wakayatoa bei ilipokuwa imepanda mara kadhaa. Watu walikula mahindi mabichi, maganda, mizizi na vumbi la mbao lililochanganywa na pumba. Wizi wa mashambani ukaenea, na wenye mashamba wakawaadhibu wezi kwa ukatili mkubwa, hata kuwakata viungo na kuwaua. Mwenye njaa hana miiko, na aliyeibiwa gunia la mwisho hana subira ya kungoja mahakama. Hali ya maafa ilitangazwa Februari 2002. Serikali ilitaja vifo vya mamia. Mashirika ya raia yalikadiria zaidi ya elfu moja. Taasisi ya Kupambana na Rushwa ilichunguza mauzo ya akiba, lakini uchunguzi haumrudishi aliyekwisha kuzikwa.

Waswahili husema akiba haiozi. Mtunza ghala atajibu kwamba mahindi huoza, hubunguliwa na huliwa na panya, ndiyo maana ghala la taifa lapaswa kuuza ya zamani na kununua mapya. Jibu hilo ni sahihi. Lakini kuzungusha akiba ni jambo moja, na kuimaliza ni jambo jingine. Jeshi hubadilisha risasi zilizokaa muda mrefu. Halifungui ghala la silaha na kuliacha tupu kwa kuwa mwaka huu hakuna vita.

Mwaka 2004 Bingu wa Mutharika, mchumi aliyewahi kuongoza soko la pamoja la Afrika ya Mashariki na Kusini, alichaguliwa kuwa Rais. Ukame wa msimu wake wa kwanza uliacha mavuno ya mahindi ya takribani tani milioni 1.2, wakati nchi ilihitaji zaidi ya milioni mbili. Katika 2005 watu wanaokaribia milioni tano, yaani zaidi ya theluthi moja ya raia wote, walihitaji msaada wa chakula. Mutharika alijipa mwenyewe Wizara ya Kilimo, na serikali yake ikaamua kurudisha ruzuku ya mbolea na mbegu kwa wakulima wadogo. Wahisani wakubwa walipinga. Wengine walisema soko litavurugika, wengine kwamba nchi maskini haiwezi kubeba gharama. Katika msimu wa 2005/06 Malawi ililipa kwa fedha ya bajeti yake yenyewe.

Utaratibu ulikuwa wa vocha. Familia iliyoteuliwa kijijini ilipewa vocha, ikaenda nayo kituoni, ikalipa kwacha 950 kwa mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya mahindi, na serikali ikalipa sehemu iliyobaki, ambayo mwanzoni ilikuwa karibu theluthi mbili ya bei. Mvua ya msimu huo ilikuwa njema. Mavuno ya 2006 yalikadiriwa kufikia tani milioni 2.6, na ya 2007 yakakadiriwa kupita milioni 3.2. Baadhi ya wahisani waliopinga walianza kuchangia. Malawi, iliyokuwa ikiomba unga, ilitia sahihi kuiuzia Zimbabwe tani 400,000 za mahindi na ikatoa msaada kwa Lesotho na Swaziland. Wakuu wa Afrika walikuwa wamekubaliana Maputo mwaka 2003 kutenga asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo. Malawi ikawa miongoni mwa nchi chache zilizotimiza ahadi hiyo.

Sifa hizo zilistahiki, lakini ukweli wahitaji kusemwa wote. Makadirio ya mavuno yalizidi yaliyokuwamo ghalani. Mahindi yalipokwisha kusafirishwa Zimbabwe, bei ndani ya nchi ilianza kupanda, na katika 2008 serikali iliwapiga marufuku wafanyabiashara binafsi kununua mahindi. Vocha nazo zilizaa ufisadi wake: nyingine zilighushiwa, nyingine ziliuzwa na wakubwa wa vijijini, na mbolea ya bei nafuu ikapenya mipakani kwa magendo. Polisi walijikuta wakilinda maghala, wakisindikiza malori na kupekua vocha bandia. Bunge pia lilitoa somo. Katika 2007 ugomvi kuhusu wabunge waliohama vyama ulikwamisha bajeti mpaka Septemba, miezi miwili tu kabla ya mvua. Wanasiasa walipokuwa wakivutana juu ya viti, kalenda ya mkulima haikusimama kuwangoja.

Gharama ilizidi kukua. Bei ya mbolea duniani ilipopanda 2008, serikali haikutaka mkulima alipe zaidi. Ikashusha bei yake hadi kwacha 800, ikabeba takribani asilimia 90 ya gharama. Ruzuku hiyo peke yake ilimeza kiasi cha asilimia 16 ya bajeti yote ya taifa katika msimu wa 2008/09. Fungu la kilimo lilionekana nono, lakini sehemu kubwa yake ilikuwa mbolea. Mabwana shamba, utafiti wa mbegu, mifereji ya umwagiliaji na barabara za kutolea mazao viligombania makombo. Ziwa Nyasa lenye maji matamu na mto Shire usiokauka kwa kawaida vilibaki vikitazama mashamba yakingoja mawingu.

Mutharika alishinda tena 2009 kwa kura nyingi. Lakini mbolea hununuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zilipokauka baada ya bei ya tumbaku kushuka na wahisani kuzuia misaada, petroli ilikosekana na maisha yakawa magumu. Tarehe 20 Julai 2011 wananchi waliandamana katika miji mikubwa. Watu wasiopungua 18 waliuawa, wengi wao kwa risasi za polisi. Rais aliyesifiwa kwa kushibisha vijiji alijikuta akigombana na miji. Alifariki dunia tarehe 5 Aprili 2012, na kwa siku mbili baadhi ya wakubwa walitafuta njia ya kumzuia Makamu wa Rais, Joyce Banda, asirithi kiti kama katiba ilivyotaka. Mkuu wa Majeshi, Jenerali Henry Odillo, alisimama upande wa katiba, wanajeshi wakalinda nyumba ya Makamu wa Rais, naye akaapishwa tarehe 7 Aprili. Siku zile Jeshi la Malawi lilijipatia heshima ambayo hainunuliwi kwa fungu lolote la bajeti.

Serikali zilizofuata ziliendelea na ruzuku, zikiibadilisha sura. Lazarus Chakwera, aliyeshinda katika uchaguzi uliorudiwa Juni 2020, aliipanua kupita wote waliomtangulia. Familia zaidi ya milioni tatu na nusu ziliandikishwa, na mfuko ukauzwa kwa kwacha 4,495. Vocha za karatasi ziliachwa, vikatumika vitambulisho vya taifa na mashine. Mtandao ulipokatika, akina mama walilala vituoni na watoto mgongoni wakingoja zamu. Mavuno ya 2021 yalikuwa makubwa. Lakini vita vya Ukraine vilipozuka 2022 bei ya mbolea ilipaa, na mpango ukakosa pumzi. Katika mwaka huo huo ilibainika kwamba kiasi cha kwacha milioni 750 zililipwa kwa kampuni moja ya Uingereza kununua mbolea, kumbe biashara yake ilikuwa nyama. Waziri wa Kilimo alifukuzwa kazi Oktoba 2022. Fedha zaweza kudaiwa na kurudi. Msimu ukipita haurudi. Familia zilizolengwa zikapunguzwa hadi milioni 2.5, kisha milioni 1.5 katika msimu wa 2023/24.

Machi 2023 Malawi ilikabidhiwa tani 20,000 za mbolea ya msaada kutoka Urusi, wakati mahindi ya msimu ule yalikuwa yanakaribia kukomaa. Siku chache baadaye kimbunga Freddy kiliipiga nchi, maporomoko yakafunika vijiji vya kusini, na waliokufa pamoja na waliopotea wakapita elfu moja. Wanajeshi na polisi wa Malawi ndio waliofukua matope, na Tanzania ikapeleka askari wa JWTZ, helikopta, mahema, mablanketi na unga wa mahindi. Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44. Ukame wa 2024 ulisababisha hali ya maafa itangazwe katika wilaya 23 kati ya 28. Katika uchaguzi wa Septemba 2025, uliofanyika bei ya mahindi ikiwa midomoni mwa kila mtu, wapiga kura walimwondoa Chakwera na kumrudisha Peter Mutharika, ndugu wa Bingu, aliyepata kutawala tangu 2014 hadi 2020.

Mafunzo ya historia hii ni matatu. La kwanza, fungu la kilimo lapaswa kupimwa kwa tarehe sawa na linavyopimwa kwa fedha. Kila mtu aliyepata kushughulikia ugavi jeshini anajua kwamba risasi zilizofika baada ya mapambano haziingii katika hesabu ya ushindi. Malawi yenyewe imelikubali jambo hili: tangu 2022 mwaka wake wa fedha huanza Aprili badala ya Julai, na hivyo wanunuzi wa mbolea wana miezi zaidi ya kujitayarisha kabla ya mvua.

La pili, ruzuku ni mkongojo mwema kwa aliyevunjika mguu, lakini mguu wenyewe lazima utibiwe. Nchi inayotumia sehemu kubwa ya fungu lake kununua mbolea ya mwaka mmoja, kila mwaka, huku maji yake yakipita kwenda baharini, itabaki mateka wa bei ya dunia na wa mawingu. Tanzania nayo imeitumia dawa hiyo, kwa vocha za pembejeo tangu 2008 na kwa ruzuku ya mbolea iliyorudishwa Agosti 2022. Onyo la Malawi kuhusu vocha za kughushi na mbolea inayovuka mpaka laihusu moja kwa moja, maana mpaka ni ule ule.

La tatu, ghala la chakula ni ngome. Aliyeuza akiba ya 2001 hakuvaa sare ya adui wala hakuvuka mpaka na bunduki, lakini madhara yaliyofuata yalifanana na ya uvamizi. Kwa sababu hiyo polisi anayesimamisha lori la mbolea kule Kasumulu na kudai karatasi zake, mgambo anayelinda bohari usiku, na mpelelezi anayefuatilia hundi iliyolipwa kwa muuza nyama, wote wanafanya kazi ya ulinzi wa taifa kwa maana yake kamili. Rushwa ndogo inayopokewa kizuizini huonekana nyepesi mkononi mwa anayeipokea. Uzito wake hupimwa mwezi wa Februari, katika nyumba ambayo mfuko ule haukufika.

Wananchi wa Malawi hawajashindwa. Wamejilisha wenyewe miaka ambayo wataalamu walisema haiwezekani, na majeshi yao yamesimama na katiba saa ilipokuwa ngumu. Wanachodai kwa kila serikali wanayoichagua ni kitu kidogo na cha haki: mbolea kabla ya mvua, bei ya haki baada ya mavuno, na ghala lenye mahindi na mlinzi mwaminifu.